Tupeane uzoefu: ulitaka nini kwenye boksi la TV au spika ya kuongea nayo, na ukapata nini?

Mtunza Waya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi usiku mama alinipigia simu, sauti yake kama ya mtu aliyeharibu kitu cha watu. "Mwanangu, nimebonyeza kama ulivyonionyesha, imeniletea mambo ya kulipia." Boksi lile nilimfungia mwenyewe mwaka jana. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo ya kwenye TV, kwa hiyo tulikubaliana awe anahesabu: kitufe cha nyumba, kulia mara mbili, sawa, taarifa ya habari hiyo hapo. Ameishi na hesabu hiyo mwaka mzima bila kumuuliza mtu. Usiku huo boksi lilikuwa limejisasisha lenyewe. Wameongeza mstari wa matangazo juu, programu zimesukumwa chini. Kulia mara mbili sasa ni filamu ya kukodi.

Imeniuma sana. Filamu hakuilipia, lakini alishaamini kwamba kosa ni lake.

Ndipo nikaanza kujiuliza, sisi tunaonunua hivi vitu tunataka nini hasa? Kwenye kasha wanaandika 4K na HDR (majina ya ubora wa picha), akili unde, maelfu ya programu. Nyumbani kwangu sijamsikia hata mmoja akiomba maelfu ya programu. Naomba kila mtu aeleze yaliyomkuta sebuleni kwake: ulinunua ukitafuta nini, ulipata nini, na ukienda kununua leo utauliza swali gani kwanza. Maboksi, zile ndogo kama flashi zinazochomekwa nyuma ya TV, spika za kuamrisha kwa sauti, zote karibuni.

Fundi Mwanga

Mkuu, mpe mama pole. Hana kosa lolote.

Mimi natengeneza TV. Lalamiko ninaloletewa zaidi kuhusu hizo ndogo kama flashi ni "inajizima na kuwaka yenyewe", na ya kwangu ilianza na ugonjwa huo huo. Filamu inaanza vizuri, dakika kumi, giza, nembo, inaanza upya. Niliirudisha kwenye mipangilio ya kiwandani mara tatu. Nikalaumu intaneti, nikalaumu joto, nikaifungua hata mfuniko wa nyuma wa TV kutafuta nisichokijua.

Siku moja nikaufuata waya wake kwa kidole mpaka mwisho. Nilikuwa nimeuchomeka kwenye tundu la USB la TV ili nisihangaike na soketi ya ukutani. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa miliampea 500, yaani nusu ampea. Adapta iliyokuja nayo kwenye kasha imeandikwa volti 5, ampea 1. Ikiwa kwenye menyu inaridhika na kidogo kile. Picha ikipanda ubora na waifai ikianza kufanya kazi kwa nguvu, inataka zaidi, haipati, inazima. Nimeichomeka ukutani kwa adapta yake, na tangu hapo haijazima hata mara moja.

Ninachotaka: hilo liandikwe juu ya kasha kwa herufi kubwa sawa na zile za 4K. Na ule waya waurefushe, jamani.

Binti wa Mzee

Baba yangu alipoteza kuona kwa sababu ya presha ya macho. Tulipomnunulia spika ya kuongea nayo wageni walidhani ni ya muziki. Baba alitaka kitu kimoja tu, kujua saa. Usiku akizinduka haelewi kama ni saa sita au ni karibu kunakucha, na hapendi kumwamsha mama kila mara.

Kikwazo kikawa lugha. Kwenye orodha ya lugha za spika yetu Kiswahili hakimo. Kwenye simu nilishazoea kuongea nikaandikiwa, maana Google waliingiza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti tangu 2017, nikadhani na spika zitakuwa hivyo hivyo. Haikuwa hivyo. Tukakaa mimi na baba jioni tatu mfululizo, tukachagua sentensi saba za Kiingereza, akazikariri kama mtoto anayepewa shairi. Ya saa aliipata siku ya kwanza.

Kisha likaja jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Spika inasema "four", inahesabu kuanzia usiku wa manane. Baba anahesabu kuanzia jua kuchwa. Usiku wa pili aliambiwa "four" akasema kumbe ni saa nne tu, akajifunika shuka. Ilikuwa saa kumi alfajiri. Asubuhi tulimkuta amechanganyikiwa, anashangaa usiku umeishia wapi. Sasa kila akijibiwa anajumlisha sita au anaondoa sita kichwani kabla ya kugeuza ubavu. Mzee wa miaka sabini na tisa, gizani, anapiga hesabu ili ajue saa.

Redio nayo inasumbua. Kila stesheni yenye jina la Kiswahili spika inasikia kingine, inamwekea nyimbo za watu asiowajua.

Hata hivyo siirudishi. Kabla ya hapo alikuwa anamwita mtu kwa kila kitu. Ninachotaka ni ajibiwe kwa lugha yake na kwa saa zake.

Jirani Mwema

Dada Binti wa Mzee, kwenye redio jaribu hivi. Spika nyingi zinakuruhusu kutengeneza amri yako mwenyewe kwenye programu ya simu: ukisema maneno fulani, ifanye jambo fulani. Usitumie jina la stesheni. Mpe mzee namba, "station one", "station two", nawe huko nyuma uunganishe kila namba na stesheni anayoipenda. Mama mkwe wangu anatumia hivyo, na kukosea ni nadra.

Rimoti Moja

Mimi sina mengi. Nilitaka rimoti moja mezani, nikajikuta nazo nne.

Jibu lilikuwa ndani ya TV muda wote na hakuna aliyeniambia. Kinaitwa HDMI-CEC, kinaruhusu vifaa vilivyounganishwa kwa HDMI (ule waya wa picha na sauti) viamrishane: ukiwasha boksi TV inawaka, rimoti ya TV inaendesha boksi. Shida ni kwamba kila kampuni imekipa jina lake. Kwenye Samsung utafute Anynet+, kwenye LG ni SimpLink, kwenye Sony ni Bravia Sync. Unapekua mipangilio ukitafuta CEC huioni, unahitimisha kwamba TV yako haina. Wakiite kwa jina moja, basi.

Kiti cha Nyuma

Rimoti Moja, mimi hicho kitu kingeniokolea bando. Nilikuwa nazima TV kwa rimoti ya TV nikidhani nimezima kila kitu. Boksi halijui kwamba TV imezimwa. Nilienda kulala, lenyewe likaendelea na tamthilia, sehemu ya pili, ya tatu. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7. Asubuhi bando limekwisha na hakuna aliyetazama chochote.

Sasa nimeingia kwenye mipangilio ya akaunti ya Netflix, nikazima kile cha kucheza sehemu inayofuata yenyewe, nikashusha matumizi ya data kuwa ya wastani, takriban GB 0.7 kwa saa. Kwa TV yangu ya inchi 32 tofauti ya picha siioni. Mipangilio yote miwili iko upande wa akaunti, na mimi kwa wiki mbili nilikuwa natafuta ndani ya boksi. Ninachotaka ni kitufe kimoja kwenye rimoti: punguza data.

Mchunguzi

Wakuu, naomba mnisome mpaka mwisho, hasa mnaotaka kununua boksi la bei ya kutupa.

Nilinunua lililoandikwa 8K. Programu zimejaa tayari, filamu zote bure, muuzaji anasema hulipii tena maisha yako yote. Kwanza picha. Programu za kulipia zilifunguka, lakini picha ilikuwa kama ya kanda ya zamani, mistari 480. Nilibadilisha waya wa HDMI mara mbili. Baadaye ndiyo nikaelewa kwamba huduma kubwa za filamu zinakagua kama kifaa kina Widevine, ulinzi wa kuzuia filamu zisinakiliwe, wa kiwango cha juu kiitwacho L1. Kikiwa na L3, kiwango cha chini, zinakipa picha hafifu, hata uwe na TV ya namna gani na intaneti ya kasi gani. Namba ya 8K kwenye kasha haibadilishi hilo.

La pili ndilo lililonitoa usingizi. Usiku nilikuwa naona taa ya ruta inapepesa, watu wote wamelala, simu zote nimezizima waifai. Niliingia kwenye ukurasa wa ruta kuangalia ni kifaa gani. Boksi. Limetulia, TV imezimwa, nalo linatuma data nje muda wote. Nikalichomoa, taa ikatulia. Nikalichomeka, ikaanza tena. Nilirudia hivyo mara tano nikiwa nimekaa sakafuni, kwa sababu sikutaka kuamini.

Sijui langu lilikuwa linatuma nini. Lakini Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu mtandao wa kihalifu uitwao BADBOX 2.0: vifaa vya Android vya bei rahisi, yakiwemo maboksi ya TV, vinaingizwa programu hasidi kabla hujavinunua au unapovianzisha kwa mara ya kwanza, kisha wahalifu wanapitisha shughuli zao kwenye intaneti ya nyumbani kwako. Mwezi uliofuata Google walifungua kesi mahakamani, wakisema vifaa vilivyoathirika vimepita milioni 10.

Kwa hiyo swali langu la kwanza dukani sasa ni moja: kifaa hiki kimethibitishwa na Google, kina Play Protect, ule ulinzi wao dhidi ya programu hasidi? Likikutaka uzime ulinzi ili programu zake zifanye kazi, liache hapo hapo. Hilo langu nimelichomoa na halirudi kwenye ruta yangu.

Mama Pacha

Nami nataka kitu ambacho sikioni kikitangazwa: swichi ya kukata maikrofoni, ya kubonyeza kwa kidole, iliyo mahali ninapoifikia. Nyingi zinayo, lakini ya kwangu wameificha chini kwa nyuma, lazima uinue spika nzima.

Nilikuwa naongea na dada yangu kuhusu majibu yake ya hospitali. Tunaongea taratibu, watoto wamelala. Katikati ya sentensi taa ya spika ikawaka. Hatukuwa tumeiita. Nafahamu inavyofanya kazi: inasikiliza neno lake la kuamkia ndani kwa ndani, ikidhani imelisikia ndipo inapoanza kutuma sauti nje. Tatizo ni pale inapodhani. Kesho yake nilifungua kumbukumbu za sauti kwenye simu. Sekunde tisa. Sauti ya dada yangu akitaja ugonjwa wake, kisha kikohozi changu. Nilizifuta mikono ikitetemeka.

Hili si la kwangu peke yangu. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba Amazon, Google na Apple zilikuwa na watu wanaosikiliza sehemu ya rekodi ili kuboresha mifumo yao, na Apple waliomba radhi Agosti mwaka huo. Machi 2025 Amazon wakaondoa lile chaguo lililokuwepo kwenye baadhi ya spika za Echo la kutotuma rekodi za sauti kwenye seva zao. Kwa hiyo mipangilio uliyoichagua leo inaweza isiwepo kesho. Swichi ya kidole hawaiondoi kwa sasisho.

Yangu nimeihamishia jikoni. Chumbani haiingii tena.

Baba Mchanga

Dada Mama Pacha, pole sana, na mpe dada yako pole pia. Naelewa kabisa. Kwangu bado imebaki chumbani kwa sababu usiku nina mtoto mkono mmoja na chupa mkono mwingine, na kusema "zima taa" kunanisaidia kuliko ninavyoweza kueleza. Ila umenifanya nikaangalie kumbukumbu zangu leo hii.

Kasha la Zamani

La mwisho kutoka kwangu: tarehe. Boksi langu halijaharibika. Linawaka, picha safi, rimoti nzima. Lakini programu zinaliaga moja moja, "kifaa hiki hakitumiki tena". Ukimuuliza muuzaji litasasishwa mpaka mwaka gani anakutazama kama umeuliza siku ya kufa kwake.

Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inamtaka mtengenezaji wa vifaa vya aina hii aseme wazi muda wa chini atakaotoa masasisho ya usalama. Maziwa yana tarehe ya mwisho, dawa ina tarehe ya mwisho. Nataka na boksi liwe nayo, niisome kabla sijafungua pochi.

Mtunza Waya (mwanzisha uzi)

Ahsanteni sana wakuu. Nimesoma yote, ya Binti wa Mzee nimeisoma mara mbili.

Mrejesho: leo nilienda kwa mama. Ndani ya mipangilio ya akaunti nimekuta chaguo la kuonyesha programu pekee, nimeliwasha, matangazo yale makubwa yametoka. Taarifa ya habari nimeirudisha pale pale, kulia mara mbili. Mama alikaa kwenye kiti chake, akashika rimoti kwa mikono miwili, akahesabu kwa sauti. Nyumba. Moja. Mbili. Sawa. Mtangazaji akatokea. Akanitazama akaniuliza, "Na kesho itakuwa hapo hapo?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Mwenye boksi ambalo ukurasa wake wa mwanzo haujabadilika kwa miaka miwili au mitatu, naomba aniandikie jina la boksi hilo hapa chini.