Mikopo ya akina mama: inakwamua au inakausha damu?

Binti Tandika: Wadau, halmashauri hapa Tanzania zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023 kwa mambo ya vikundi hewa, 2024 ikarudi. Kuna familia mnayoijua imetoka kimaisha kwa pesa hii?

Mkwezi: Mama anakopa laki tano ya kuku, laki mbili inaishia kwenye sare ya harusi. Kuku wenyewe hatuwaoni.

Mama Karai: Mkwezi ukome. Mkopo wangu wa kwanza wa kikoba 300,000: mfuko wa ngano, dumu la mafuta, karai. Nikaacha kupima ngano kilo kilo kwa Mangi, maana faida ya maandazi ilikuwa inabaki dukani kwake. Leo mwanangu yuko kidato cha pili. Sare nimeshona moja tu, harusi ya mdogo wangu!

Mkwezi: Kumbe umeshona.

Jirani: 😂😂

Mama Karai: Na hiyo bodaboda yako nani alikukopea? Mnatusukuma tukakope, siku ya marejesho simu hampokei.

Kapteni: Ndiyo maana yule Yunus wa Bangladesh alikopesha wanawake, akapewa Nobel ya uchumi.

Mwalimu Mstaafu: Ya Amani, 2006, yeye na benki yake ya Grameen. Ya uchumi umempa wewe.

Kapteni: Mwalimu, hapa si darasani.

Bi Kidogo: Nyie chekeni. Mimi nilichukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, rejesho kila Jumatatu. Mwenzetu mmoja hakuja. Afisa mikopo akatuambia hakuna kutoka hapa mpaka pesa yake itimie. Tumekaa kwenye mkeka toka saa tatu mpaka saa nane, watoto wanalia njaa. Tukachanga. Jioni tukaenda kwake kubeba tivii, tukakuta kaihamishia kwa jirani.

Jirani: Si kwangu jamani.

Binti Tandika: Niliuliza ya halmashauri...

Bi Kidogo: Ya halmashauri tuliandika katiba ya kikundi, tukafungua akaunti, tunasubiri. Ada ya shule haikusubiri, ndo nikaangukia kausha damu.

Mkwezi: Pikipiki nimenunua kwa pesa ya korosho, mjue.

Mama Karai: Korosho za Tandika?