Maikrobiolojia yanitoa jasho, na wodini naona mengine. Nisaidieni

Binti_Likoni: Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Niko mwaka wa kwanza wa diploma ya uuguzi hapa Mombasa. Anatomia sina shida nayo, lakini majina ya bakteria nayakariri usiku, asubuhi kabla feri haijafika ng'ambo yashanitoka. La pili: darasani twafunzwa hivi, wodini naona vingine. Kuna wakubwa zetu huvaa glavu mara moja wakazunguka nazo kitanda hadi kitanda, na sindano iliyotumika huirudishia kifuniko. Mtihani uko karibu. Nianzie wapi, na wodini nifuate lipi?

Labu_Kisauni: Wa aleikum salaam. Majina yaache kwanza, anza na rangi na umbo. Mnamo 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, alieleza njia ya kupaka bakteria rangi, na mpaka leo ndiyo tunayoanza nayo maabara. Wenye ukuta mnene hushika zambarau hata ukiwaosha kwa alkoholi: hao ni Gram chanya. Wenye ukuta mwembamba huachia ile zambarau, kisha wakachukua waridi ya safranini: Gram hasi. Baada ya rangi tazama umbo. Staphylococcus ni viduara vilivyojikusanya vichala, Streptococcus vimepangana kama tasbihi. Kijidudu cha kipindupindu ni Gram hasi, kijiti kilichopinda. Cha kifua kikuu kina nta ukutani, Gram haikiwezi, kwa hiyo hutumika rangi ya Ziehl-Neelsen nacho hutokea chekundu. Majibu ya Gram hutoka siku hiyo hiyo ilhali kuotesha vijidudu huchukua siku, ndiyo maana daktari huyaulizia mapema ili aanze na antibiotiki inayoelekea.

Sista_Mstaafu: Mwanangu, aliyosema huyo wa maabara ni kweli, lakini wewe ni muuguzi, darubini hutaishika sana. Wewe kiulize kila kijidudu: waishi wapi, watokea wapi, wasafiri vipi, waingilia wapi, wamtafuta nani? Kipindupindu hutoka na choo kikaingilia mdomoni, basi akili yako iwe kwenye maji, ndoo, choo na mikono. Kifua kikuu husafiri hewani: fungua madirisha, mgonjwa mvalishe barakoa ya kawaida, wewe vaa N95, ile barakoa inayochuja hewa. Barakoa ya kawaida haikukingi na hewa ile, hata uikaze vipi. HIV na homa ya ini aina ya B ziko damuni, na hiyo ya pili ina chanjo. Umeshachanjwa? Kama bado, wiki hii nenda kaulizie, mtihani utakungoja.

Hayo ya glavu yaniudhi tangu zamani. Anayezunguka nayo wodi nzima anajikinga yeye tu, wagonjwa anawagawia. Glavu ni ya mgonjwa mmoja, na ukiivua unaosha mikono, kwa sababu ina matundu usiyoyaona na mikono huchafuka wakati wa kuvua. WHO wametaja nyakati tano: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kufunga kidonda, baada ya kukutana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vilivyomzunguka. Hiyo ya tano ndiyo watu huiruka, eti nimegusa shuka tu!

Binti_Likoni: Shukran sana mama. Sanitaiza yatosha, au lazima sabuni?

Sista_Mstaafu: Mikono isiyo na uchafu wa kuonekana, sanitaiza yatosha, sekunde 20 hadi 30 mpaka ikauke. Ikichafuka, sabuni na maji, sekunde 40 hadi 60. Na mgonjwa anayeharisha kwa Clostridium difficile, usitegemee sanitaiza kabisa. Kile hutengeneza spora, yaani hujifungia ndani ya ganda gumu, na alkoholi haiziui. Sabuni na maji huziondoa.

Labu_Kisauni: Spora hizo hizo ndizo zinazofanya vifaa vya upasuaji visichemshwe tu. Spora za pepopunda zaweza kustahimili maji yanayochemka. Otoklevu hutumia mvuke wenye shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Mtihani hupenda sana kuuliza tofauti ya hayo mawili.

Kaka_wa_Wodi: Nijibu la sindano. Usirudishe kifuniko, itie moja kwa moja kwenye kasha la vyenye ncha, na kasha likifika robo tatu lifungwe. Kugombana na sista wa wodi hakutakusaidia, dadangu. Wewe sogeza kasha karibu na kitanda kabla hajaanza kazi, wengi wataitupa humo bila ya neno. Ikikuchoma, osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, usikamue, mwambie msimamizi papo hapo. Dawa za kuzuia HIV zataka kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora.

Binti_Likoni: Allah awalipe. La mwisho: klorini ya kufutia damu iliyomwagika. Mmoja asema moja kwa sita, mwengine moja kwa tisa.

Kaka_wa_Wodi: Wote wawili wako sawa, chupa ndizo tofauti. Mwataka 0.5%. Soma lebo, gawanya kwa 0.5, toa moja. Ya 3.5% yapata sehemu sita za maji, ya 5% tisa. Na changanya upya kila siku, ya jana ishapungua nguvu.