Nirudi Pokémon GO na akaunti ya zamani ama nifungue mpya? Naomba ushauri

MamaSuu: Assalamu aleikum wanajukwaa. Niko Malindi. Huu mchezo wa simu, wa kutembea ukisaka viumbe, niliuanza mwaka uliotoka, 2016, nikauacha 2019. Sasa mwanangu ana miaka 8, amewaona wenzake wakicheza, hanipi nafasi. Nimejaribu kuingia, kumbe nywila bado naikumbuka na kila kitu kipo. Swali: niendelee na hiyo ama nianze upya? Simu yangu haina nafasi na bando linaniumiza. Nijibuni mapema, siku mbili hizi silali vizuri.

FundiWaLangoni: Wa aleikum salaam dadangu. Endelea na ya zamani, usiitupe. Niantic, waliouunda, waliuuza mchezo kwa kampuni ya Scopely mwaka 2025, lakini akaunti zetu zimeendelea kama kawaida. Washa Adventure Sync, ilikuja 2018. Inahesabu mwendo hata programu ikiwa imefungwa, kwa hiyo chaji na bando vinapona. Ila utembee kwa miguu, ukipanda boda mwendo wa kasi hauhesabiwi. Na kama una Tropius, yule kiumbe mwenye ndizi kidevuni, usimwachilie. Kwetu Afrika tunamzoea, walio mbali wanamlilia.

MpwaWaShela: Mimi Lamu ilinishinda. Vichochoro vya Mkomani kuta za mawe zimepanda pande zote, simu haijui iko wapi. Nimekaa barazani nimetulia tuli, mtu wangu kwenye skrini anapita juu ya mapaa mpaka baharini! Lazima utoke hadi uwanja wa mbele ya Ngome ndipo atulie. Siku moja nimeinamia simu, punda amebeba matofali akanibana ukutani, simu ikaingia mtaroni. Nikaacha siku hiyo hiyo. Lakini jamani, raha niliyoipata miezi ile sijaipata tena.

BiMkubwa_Shella: Mwanangu, nafasi ya simu haimkoseshi mtu usingizi siku mbili. Sema lililoko.

MamaSuu: Si kubwa, bibi. Kuna zawadi moja ya rafiki kwenye akaunti, haijafunguliwa. Nikianza upya ndiyo basi tena.

BiMkubwa_Shella: Rafiki gani?

MamaSuu: Babake Suu.

Tuliachana 2019. Tulikuwa tukicheza pamoja kila baada ya alasiri, tunatoka mjini mpaka kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, tunakaa kwenye ule mwamba hadi adhana ya magharibi. Hiyo zawadi ina picha ya Nguzo. Aliituma baada ya talaka. Mimi nilishafuta mchezo, sikujua. Matumizi ya mtoto huyapitisha kwa shangazi yake, sisi hatuongei. Na Suu ndiye aliyeiona, akaniuliza, "Mama, hii ya nani?"

Ostadh_Mtaani: Dada, eda iliisha zamani, na yeye pengine ana mke. Zawadi ya mtu mliyeachana ni mlango. Funga akaunti, mfungulie mtoto yake, uwe na amani.

MamaSuu: Ana mke, najua, na simtaki mume wa mtu. Mchezo wenyewe hauna hata pa kuandikiana. Ni picha na vitu vya kuchezea, basi.

FundiWaLangoni: Lakini ukiifungua atajua umerudi. Zawadi ikiwa haijafunguliwa hawezi kukutumia nyingine. Ikifunguliwa tu, njia iko wazi kwake.

MamaSuu: Nimeshaifungua. Jana usiku. Msinishambulie. Mtoto ameuliza mara tatu, nimwambie nini? Kulikuwa na yai ndani, nimeliweka liatamiwe, huanguliwa kwa kilomita unazotembea, Suu amefurahi mpaka amelala na simu kifuani.

BiMkubwa_Shella: Basi ushauri ulitaka wa nini, mwanangu? Ulikuja kuombewa ruhusa.

Kijana_Kilifi: Samahanini, mimi hii naiona imetungwa. Nilicheza 2016, hapakuwa na marafiki wala zawadi. Na zawadi gani inakaa miaka 6 haiozi? Tena ya Nguzo! Leta picha ya skrini.

FundiWaLangoni: Wewe uliacha mapema. Marafiki na zawadi vililetwa Juni 2018, yeye amesema aliacha 2019. Na usipoifungua inakaa hapo hapo. Dada, hebu tumalize ubishi: hilo yai la kwenye zawadi ni la kilomita ngapi?

MamaSuu: 7. Picha siweki, jina lake limo, na yeye hakuomba kuletwa hapa.

FundiWaLangoni: Sahihi. Mayai ya zawadi ni ya 7.

Kijana_Kilifi: Hilo hata mimi ningelitafuta mtandaoni.

MpwaWaShela: Hata kama imetungwa, aliyetunga amewahi kukaa kwenye ule mwamba. Mimi wangu alikuwa Matondoni, tuliachana kabla ya hizo zawadi kuletwa. Nimeusoma uzi huu mara mbili na nimepakua mchezo upya.

Ostadh_Mtaani: Mnamtia moyo badala ya kumwonya. Dada, angalau mweleze shangazi mtu, jambo lisiwe la siri.

MamaSuu: Hilo nakubali, Ostadh. Nimempigia asubuhi. Amenyamaza kidogo kisha akaniuliza, "Suu ameipenda?" Nikamwambia sana.

Jioni tumetembea mimi na Suu mpaka kwenye Nguzo. Anachungulia simu kila hatua kumi, anaona namba hazisogei, anakimbia ili zisogee. Pepo za kusi zilikuwa kali, shungi langu lilinikimbia mara mbili. Yai limebaki kilomita 1.4.

Kijana_Kilifi: Na yeye? Kimya?

MamaSuu: Tuliporudi tumekuta zawadi nyingine. Picha ni ya Fort Jesus, Mombasa. Suu ameiona kabla yangu. Hajaibonyeza, ananingoja mimi niseme.