Hereni, mikoba na pete zetu: ua wa Ngome, mali kauli Shela, au dakani kwa bibi?

MwanaAmu
Asalaam aleikum wanajamvi. Tuko wanafunzi tisa wa ubunifu, mwaka wa mwisho. Chuo kiko Mombasa ila watatu kati yetu ni wana wa Amu, yaani Lamu. Kila mwaka kazi huonyeshwa chuoni, walimu wanapiga makofi, kisha kila mtu anarudi nazo nyumbani. Safari hii tumeamua tuzilete Lamu Desemba na tuziuze. Tuna hereni na pete za fedha, mikoba ya ukili yenye mikanda ya ngozi kutoka Siyu, vikuku, na mishipi iliyodariziwa viua kama vya kofia. Jumla vipande 140 hivi.

Njia tatu ziko mezani: ua wa Ngome ya Lamu, duka moja kijijini Shela kwa mali kauli (unaacha mali, unalipwa ikiuzwa), mwenyewe anakata shilingi 40 katika kila 100, au daka, ule ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza, la nyumba ya bibi yangu mtaani Mkomani. Tuna siku nne tu. Ingekuwa nyinyi mngefanyaje?

FundiFedha
Aleikum salaam. Ngome nimeijaribu. Ukitaka picha nzuri na heshima ya kusema "tulionyesha Ngomeni", hakuna mahali pengine. Lakini iko chini ya makumbusho, kwa hivyo barua ipelekwe mapema, na mtu wa mjini hakati tiketi aingie kutazama hereni. Lile jengo lilikamilika 1821, halafu likawa jela miaka mingi. Mamangu mpaka yeo akipita Mkunguni, pale mbele yake, huliita jela. Nilikaa mle kutwa nzima nikauza pete mbili, zote kwa wageni. Jioni nikatoka nje nikatandika kitambaa chini ya mti, nikauza tano kabla ya magharibi.

BiMiyaa
Mimi nizungumzie mali kauli, maana imenifunza. Nilipeleka mikoba 20 duka moja la Shela, kwa mdomo tu, bila karatasi. Waliitundika mlangoni kwenye jua la mchana. Miyaa, yale majani ya ukili, ikitiwa rangi haipendi jua: ile myekundu ikawa kama chai ya maziwa. Mvua za kusi zikaingia, mahoteli yakafunga, nikarudishiwa saba, mmoja mkanda umeng'oka. Pesa za ile mingine nilizifuata kwa motaboti mara nne, na nauli ikaanza kula faida.

Hata hivyo sitawaambia msiende. Mkoba niliouza 3,500 Shela bila maneno, mjini mtu huniambia 1,200 na bado anauvuta mdomo. Mgeni wa Shela wa Desemba hashuki sana mjini, lazima umfuate. Ila andikeni. Kila kipande kiwe na namba, bei, siku ya kukirudisha, na nani analipa kikiharibika. Mkitaja pia kwamba kisiwekwe juani, mtanikumbuka.

Kijana_Malindi
Huku Malindi mteja wetu ni Mwitaliano, na tunaandika bei kwa Kiitaliano. Bei ikiwa imeandikwa hawabishani sana. Swali langu ni jingine: hizo hereni zimetiwa nini? Mwaka jana kuna mtu hapa alileta za kombe la baharini, akaulizwa alikoziokota. Bustani yetu ya bahari inalindwa tangu 1968, huchukui hata kombe moja.

MwanaAmu
Nyingi ni fedha tupu. Pete sita zina vigae vya sahani za kale za Kichina, mwenzetu aliviokota kwenye magofu Manda. Na kuna kibanio kimoja cha ng'amba, kilitoka kitana cha zamani cha nyanyake.

FundiFedha
Subiri kidogo, mwanangu. Hivyo viwili vitoeni mezani yeo hivi. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kuwa cha kale, na vigae vya magofuni ni vya huko. Virudisheni, mpeleke makumbusho. Ng'amba ni kasa, na biashara yake imekatazwa, nyanya au si nyanya.

Pete ya kigae si lazima iwe ya kale. Mimi hutumia sahani zilizovunjika jikoni, zile zenye maua ya buluu. Kikate kikubwa kidogo kuliko unavyotaka, kisugue ukingo juu ya jiwe huku unakilowesha maji, la sivyo rangi inabanduka vipande. Halafu ukanda wa fedha uinuke kidogo tu juu ya kigae, uulaze polepole kuzunguka. Mnunuzi mwambieni kweli: sahani ya mwaka jana, ilivunjwa na paka. Wangu mmoja alicheka akanunua mbili.

MamaMkomani
Naona daka mmelitaja mwisho kama mtoto wa kambo. Wanawake wa mui huu hawaingii Ngomeni wala hawavuki Shela kwa hereni, lakini baada ya alasiri hupita kwa jirani. Tandikeni mikoba kwenye mabaraza ya daka. Hereni, kama bibi ataridhia wanawake waingie ndani, zipangeni kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, kimoja kimoja. Zile nakshi za chokaa zinatosha, msitie kitambaa cha kung'aa. Na kioo! Mwanamke hanunui kipuli ambacho hajakiona sikioni mwake.

Mishipi ya viua ningeiweka mpaka Mfungo Sita. Wageni wa Maulidi wanajua kazi ya kofia ilivyo ngumu, hamtawaeleza kwa nini bei iko juu.

BiMiyaa
Kioo kweli. Na mifuko ya plastiki msithubutu, tangu 2017 imekatazwa. Vijikapu vidogo vya miyaa ninavyo, tutaelewana.

MwanaAmu
Ahsanteni sana. Tumekaa usiku tukapatana: Shela tunapeleka mikoba 30 tu, kwa karatasi. Dakani siku tatu, alasiri hadi magharibi. Ngome basi. Vigae vimetolewa, mwenzetu amenuna lakini ameanza kuomba sahani mbovu kwa majirani.

Bibi amekubali, zidaka pia ametupa, kwa sharti moja: yeye ndiye atakayekaa mlangoni, na ujumbe wa M-Pesa uingie kwenye simu yake.

MamaMkomani
Bibi yako namjua. Bei yenu ishapanda.