Mwalimu wa kujitolea anayesomea ualimu: miezi yake darasani ihesabiwe mafunzo kwa vitendo au la?

Chaki Nyeupe
Wakuu, salaam. Nilimaliza kidato cha sita, sasa nasomea ualimu kwa masafa huku nikijitolea shule moja ya sekondari ya serikali. Mwalimu wa hesabu alipokwenda likizo ya uzazi nilikabidhiwa vipindi vyake vyote, kidato cha kwanza na cha pili, 24 kwa wiki. Siku 84 hizo, na shule haina mwalimu mwingine wa hesabu. Naandika azimio la kazi, naandaa andalio, nasahihisha, nashika zamu. Posho ni michango ya wazazi, ikipatikana.

Sasa chuo kimenipangia mafunzo kwa vitendo, tena shule nyingine. Yaani niwaache watoto wangu bila mwalimu, nikafanye mazoezi ya kufundisha kwa watoto wa mwenzangu, kisha nirudi kufundisha wangu. Miezi yote hii haihesabiwi hata siku moja. Kwa nini isihesabiwe? Mbona walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote hapa Tanzania miaka ya 1970, walijifunzia kazini na nchi ikasoma?

Mzazi wa Watatu
Ulikuwa unaenda vizuri mpaka hapo kwa UPE. Nchi ikasoma nini? Mimi nimepita mikononi mwao. Darasa la tatu tulifundishwa na kijana aliyetoka la saba juzi yake. Anasoma swali la hesabu, anatazama dirishani, anatuambia "hili mtafanya nyumbani". Nyumbani kwenyewe baba hajui kusoma. Leo hii mnataka turudi huko?

Nyundo
Mzazi umenena. Na mleta mada aseme ukweli, anatafuta cheti cha mteremko. Kujitolea hakuna aliyekulazimisha.

Binti wa Mwalimu
Mzazi wa Watatu, mama yangu alikuwa mwalimu wa UPE. Pima maneno. Alichaguliwa akiwa binti mdogo, akaingia darasani lenye watoto mpaka kwenye madirisha. Anafundisha, akitoka anasoma masomo ya posta na ya redio, na mratibu elimu kata anapita kumkagua. Mwishoni ndipo wakaitwa chuoni kwa wiki kadhaa wakafanya mtihani. Baadaye akajiendeleza hadi Daraja la III A na akastaafu nayo. Hakuwahi kumwambia mtoto "mtafanya nyumbani".

Mzazi wa Watatu
Dada, nimerusha jiwe gizani. Ukisikia mtu analia yalaa, shauri yake.

Binti wa Mwalimu
Sawa. Basi na herufi ulizoandikia matusi hayo alikufundisha nani? Malaika?

Chaki Nyeupe
Nyundo, cheti cha mteremko? Ada nalipa mwenyewe kwa kuendesha bodaboda Jumamosi na Jumapili. Kazi za chuo nafanya usiku, mwanafunzi akinikuta stendi ananiita mwalimu mbele ya abiria. Mteremko uko wapi hapo?

Mkufunzi Mstaafu
Kijana, tuliza moyo, swali lako lina jibu. Ukiwa mazoezini mtu anakaa nyuma ya darasa na fomu ya tathmini. Anaona unaongea na ubao. Anaona wasichana wa kona ile hujawauliza swali tangu kipindi kianze. Huko unakojitolea nani anakaa nyuma? Kama hakuna, miezi yako mitatu inaweza kuwa kosa moja lililorudiwa kila siku. Iandikie idara yako, mkuu wa shule agonge muhuri, omba wakutathmini hapo hapo ulipo. Wa UPE angalau walikuwa na mratibu.

Nyundo
Bodaboda na ualimu wapi na wapi. Ndiyo maana watoto wanafeli hesabu.

Kengele ya Saa Nne
Wewe Nyundo, hao walimu wasio na bodaboda wana mashamba, wana maduka, wana visima vya maji. Ningetaja na mkuu wangu wa shule lakini naye humu anasoma.

Mpenda Tarehe
Turekebishane kidogo. UPE ilianza 1977.

Binti wa Mwalimu
Haikuanza 1977. Azimio la Musoma lilitoka 1974 likasema ifikapo 1977 watoto wote wawe shuleni. Mpango wa kuwafunza walimu wakiwa kazini umo humo katikati, kwa sababu vyuo visingeweza kutoa makumi ya maelfu ya walimu kwa muda ule. Mama hakwenda darasani kwa mteremko. Alipelekwa kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine, kama huyu kijana wa hesabu.

Mpenda Tarehe
Ndiyo nilichosema, 1977.

Mzee wa Leseni
Mnagombana na wazee wa watu na sisi tupo. Shule za kata zilipofumuka miaka ile ya 2000 na kitu, waliotoka kidato cha sita walipigwa msasa wa mwezi mmoja wakapewa chaki. Mtaani tukaitwa vodafasta, kama vocha ya kurushiwa kwenye simu. Mimi mmoja wao. Mwezi ule nilijifunza kuandika ubaoni bila mstari kupanda mlima, mengine nilijifunza kwa kukosea. Wiki nzima nilifundisha kwamba −3² ni 9. Mkuu wa shule akapita dirishani mara mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yeye alikuwa mwalimu wa Kiswahili.

Ninachotaka kusema, Mkufunzi ana hoja. Aliyenisahihisha ni mwanafunzi, na nilimtoa nje kwanza.

Jirani wa Kenya
Hodi wandugu. Huku kwetu interns, yaani walimu wa mafunzo kazini, wa JSS (sekondari ya chini) waligoma 2024, na mwaka huo huo mahakama ya kazi ikasema TSC, tume yetu ya walimu, haina mamlaka ya kuajiri mwalimu kama intern. Serikali ikipata mwalimu wa bei nafuu haimwachi hivi hivi. Leo mkisema kujitolea kuhesabiwe mafunzo, kesho kila pengo litajazwa na "mwanafunzi wa ualimu" na ajira mtazisikia kwa redio.

Kengele ya Saa Nne
Jirani karibu, lakini hao wenu wana vyeti na usajili tayari. Wetu bado anasoma. Hapo umechanganya mchele na chuya.

Jirani wa Kenya
Nimechanganya nini? Mfuko ni uleule mtupu.

Mwenye Sheria
Swali dogo kwa mleta mada. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka anayefundisha awe amesajiliwa au awe na leseni ya kufundisha. Unayo?

Mzazi wa Watatu
Mzee wa Leseni, ngoja. Ulikosea wapi? Hasi 3 mara hasi 3 ni 9. Hasi kwa hasi ni chanya.

Mzee wa Leseni
Kama kuna mabano ni 9. Bila mabano kipeo kinashika 3 peke yake, alama ya hasi inakuja baadaye. Jibu ni −9.

Mzazi wa Watatu
Mabano yametoka wapi? Namba ni hasi 3. Unaizidisha kwa yenyewe. Chanya.

Binti wa Mwalimu
Mzazi, si ulisema UPE hawakukufundisha hesabu? Leo unabishana na mwalimu wa hesabu!

Mzazi wa Watatu
Hili nilijifunza sekondari, kwa mwalimu mwenye shahada.

Mkufunzi Mstaafu
Kijana hajanijibu kuhusu tathmini.

Nyundo
Mkufunzi na wewe, hao watathmini wenyewe tunawajua. Anakuja dakika kumi, anasaini, anauliza stendi iko wapi. Mimi nilitathminiwa nikiwa nimesimama nje ya darasa, mvua inanyesha.

Kengele ya Saa Nne
Kumbe Nyundo ni mwalimu!

Nyundo
Nilikuwa. Niliacha.

Mwenye Sheria
Nasubiri jibu la leseni.

Chaki Nyeupe
Mwenye Sheria, tusifike huko, tafadhali. Nikianza kuulizwa leseni mimi, hizo sekondari nyingi za vijijini zitabaki na nani?

Mkufunzi, shikamoo. Nimesoma ushauri wako mara mbili. Nilikuwa nimeanza kuandika hiyo barua jana. Leo asubuhi mkuu wa shule ameniita ofisini, mwenye vipindi anarudi Jumatatu. Nimeambiwa nikabidhi ufunguo wa kabati, daftari la alama na rula kubwa ya ubaoni. Barua ya kunitambua atanipa "akipata nafasi". Kidato cha kwanza nawaacha katikati ya mada, tulikuwa tumefika kwenye vipeo.

Mkufunzi Mstaafu
Marahaba. Pole sana. Barua ichukue leo hii, usingoje Jumatatu. Na daftari la alama lipige picha kabla hujalitoa mkononi.

Binti wa Mwalimu
Pole kaka. Mama anakusalimu, nimemsomea. Anauliza kama watoto walikuaga.

Mpenda Tarehe
Nimeuliza pia kwa mzee mmoja hapa, naye anasema 1977.

Mzazi wa Watatu
Pole kijana. Ila nimejaribu kwenye kikokotoo cha simu na inakuja 9.