Mrejesho: kaka yangu, baipola na pombe

Niliuliza kama kaka aache pombe kwanza ndipo atibiwe baipola, yaani ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Kumbe vyote vinatibiwa pamoja. Daktari aliuliza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: zile siku za kukesha, kuongea mfululizo na kutapanya pesa, ziliwahi kuja akiwa hajanywa? Nikakumbuka, ndiyo. Basi si pombe pekee. Dawa ya sonona aliyopewa awali, bila nyingine ya kutuliza hisia, ikasimamishwa. Inaweza kumpandisha hisia mgonjwa kama yeye, zile siku za kukesha zikarudi. Sasa anatumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, anapimwa damu, figo na tezi ya shingo. Pombe hakukatishwa ghafla nyumbani (mimi ndivyo nilivyotaka!), maana mwili uliozoea unaweza kupata degedege. Juzi aliteleza, akanywa. Safari hii alinipigia simu mwenyewe.