Misuli ya mapaja inauma siku ya pili, nipumzike au nikaze?
Wakuu habari, nina wiki ya 3 napiga skwati (kuchuchumaa na kusimama), siku ya zoezi nakuwa freshi kabisa ila kesho yake na keshokutwa ngazi nashuka kinyumenyume nimeshika ukuta. Nimesoma kwamba kinachouma sio asidi laktiki (ile misuli inayotoa wakati wa zoezi zito), hiyo inaondoka ndani ya saa moja hivi, ni nyuzi za misuli zimeumia kidogo kidogo hasa ule wakati wa kushuka chini, sawa, lakini nikirudia bado zinauma si nabomoa kinachojengwa? Halafu nguvu imepanda, kutoka skwati 15 hadi 30, ila nikipima paja kwa futi kamba, sentimita ni zilezile (eti mwanzoni ni neva, yaani mishipa ya fahamu, ndo zinajifunza kuitumia misuli). Wazoefu, nyie mnapumzisha siku ngapi?